Je, ni kweli nchi za kidemokrasia hazipigani?

"Assalamu alaykum. Nasomesha uraia na historia katika skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Nimewaandalia wanafunzi wa kidato cha nne mdahalo wenye mada 'Nchi za kidemokrasia hazipigani vita.' Nilisoma mahali kuwa hilo limethibitishwa, nami nikawaambia hivyo. Jioni nikalitaja barazani nyumbani. Mjomba wangu akanijibu: 'Mwingereza alikuwa na bunge mwaka 1896 alipolipiga mizinga jumba la Sultani. Na sisi mwaka 2001 tulikuwa na vyama vingi, kura tumepiga, na watu wakafa.' Sikuwa na la kumjibu. Kibaya zaidi, siku ya pili darasani, 2001 ilipotajwa, msichana mmoja ambaye watu wake walikimbilia Shimoni, Kenya, kabla yeye hajazaliwa aliinuka akatoka nje, na mpaka leo hasemi na mtu. Je, nimewadanganya watoto? Nisomeshe nini?"

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Hukuwadanganya watoto, ila uliwapa sentensi iliyokatika mkia. Watafiti hawakusema kuwa nchi za kidemokrasia hazipigani vita. Walichosema ni kwamba hazipigani vita zenyewe kwa zenyewe, au tuseme ni nadra mno kufanya hivyo. Hayo maneno matatu, zenyewe kwa zenyewe, ndiyo yanayobeba hoja yote. Yakidondoka njiani, mjomba wako anaibomoa kwa mfano mmoja tu, tena mfano wa hapa hapa kwetu. Marekani na Uingereza ni nchi za kupiga kura, na mwaka 2003 ziliingia Iraq. Hakuna mtafiti makini anayelikana hilo.

Wacha basi nianze na mjomba, kwa sababu amesema mambo mawili mazito, na hayo mawili hayafanani.

La 1896 ni hili. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia jumbani kuushika usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tokea 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshatoka. Hakutoka. Dakika mbili baada ya saa tatu manowari zikaanza kupiga, na kabla ya saa nne mambo yalikuwa yamekwisha. Jumba la Beit al-Hukm lilikuwa magofu, meli ya Sultani iitwayo Glasgow imezama bandarini, na watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar wameuawa au wamejeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Duniani tukio hili hutajwa kuwa vita vifupi kuliko vyote, na mara nyingi nikipita Forodhani nasikia wageni wakisimuliwa hadithi hii na kuangua kicheko. Mimi sijawahi kuiona ya kuchekesha. Watu 500 kwa muda usiofika saa moja ni umati wa watu.

Tukio hilo haliivunji nadharia, kwa sababu nadharia inataka pande zote mbili ziwe zinatawaliwa na watu waliochaguliwa kwa uhuru, na Zanzibar ya wakati ule ilikuwa usultani uliokwishawekwa chini ya mlinzi. Lakini ukimjibu mjomba hivyo tu ukanyamaza, utakuwa umemshinda kwa maneno na huku umemnyima haki yake. Tazama hesabu zinavyofanywa. Orodha ya vita inayotumiwa zaidi na wanataaluma, iliyoanzishwa Marekani katika miaka ya 1960, haihesabu mapigano kuwa ni vita mpaka wafe wapiganaji 1,000. Tena vita ambavyo mkoloni alikwenda kuvipiga kwa watu wasiotambuliwa kuwa ni dola hutiwa kapu lake peke yake. Kwa kipimo hicho, asubuhi ile ya Agosti haionekani kabisa katika hesabu za amani baina ya nchi. Mimi naiona kasoro hiyo ni kubwa, na wanafunzi wako wanastahiki kuijua. Kanuni iliyotokana na vita vikubwa vya mataifa yenye nguvu haiwezi kusema mengi juu ya majeraha ya mataifa madogo.

Tena Bunge la Uingereza la wakati ule lilikuwa la nani? Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeruhusiwa kulipigia kura, na wanaume wengi wa kipato cha chini nao hawakuwemo. Hata lingekuwa la kila Mwingereza, watu wa Shangani na Ng'ambo, mitaa ya mji wa Unguja, hawakuwa na kura humo. Serikali ya kidemokrasia huwaogopa wanaoweza kuiondoa, na anayepigwa mizinga akiwa ng'ambo ya bahari hana uwezo huo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1795 kwamba pale ambapo ridhaa ya raia inahitajika ili vita vianze, raia hao watasitasita, maana wao ndio watakaopigana, wao watakaolipa gharama, wao watakaotengeneza kilichobomoka na kurithi madeni. Katika andiko hilo hilo Kant aliwalaumu waziwazi Wazungu waliokwenda nchi za watu kwa jina la kutembelea, na kumbe kwao kutembelea ni kuteka. Sehemu hiyo haisomwi sana kama ile ya kwanza. Isomeni darasani, khasa nyinyi mlio Pemba.

Ila Kant anatufikisha nusu ya njia tu. Kama wapiga kura wanaogopa gharama za vita, basi wangeogopa kila vita. Mbona wapiga kura hao hao wanakubali kwenda kupigana na dikteta, na hawakubali kupigana na jirani mwenye bunge? Hapo lazima tuongeze vitu viwili.

Cha kwanza ni mazoea ya kushindwa. Kiongozi aliyekulia katika demokrasia ya kweli ameshawahi kushindwa kura bungeni, ameshapoteza kesi mahakamani, ameona wenzake wakitoka madarakani na kulala salama majumbani mwao. Kwake yeye kushindwa kuna kesho. Akikutana na mwenzake mwenye mazoea hayo hayo, kila mmoja anamtarajia mwengine atakubali suluhu na ataiheshimu. Akikutana na mtu anayewafunga wapinzani wake nyumbani, hujiuliza: huyu ambaye wake wa ndani anawatenda hivi, mimi wa nje atanitendaje? Imani haijengeki, na bunduki zinasogezwa karibu.

Cha pili ni uwazi. Fikiria watu wawili wanaogombania kiwanja. Wakiongea faragha, kila mmoja anaweza kesho kuruka na kusema hakutamka hivyo. Wakiongea barazani mbele ya wazee na majirani, neno likitoka limetoka. Kiongozi wa nchi ya kidemokrasia huongea barazani kila siku: bunge linamsikia, magazeti yanaandika, wapinzani wanamsubiri ateleze. Akitangaza kuwa jambo fulani hatalivumilia halafu akarudi nyuma, atalipia kwenye kura, kwa hivyo akisema husadikiwa. Na kama nchi yake haina uwezo wa kupigana, wapinzani watalisema hadharani, na yule wa upande wa pili atasikia. Vita vingi huanza kwa kukosea kumkadiria mwenzako nguvu zake na nia yake. Palipo na mwanga makosa hayo hupungua, wala si rahisi kuandaa jeshi la kushtukiza ilhali bajeti yake inajadiliwa bungeni.

Sasa, je, ni kanuni kama zile za fizikia? Mwaka 1988 Jack Levy, msomi wa Marekani, aliandika kwamba katika taaluma ya mahusiano ya kimataifa hakuna jambo linaloikaribia sheria ya kisayansi kuliko hili. Umenukuliwa sana usemi huo, na nadhani ndio uliokufikia wewe. Waliokuja baadaye wametia shaka zenye uzito. Kabla ya 1945 nchi za kidemokrasia zilikuwa chache na nyingi zilikuwa mbali mbali, na vita baina ya nchi mbili zozote ni kitu cha nadra, kwa hivyo kutopigana kwao huenda ni bahati tu ya hesabu. Baada ya 1945 nyingi zilikuwa chini ya mwavuli mmoja wa Marekani zikimkabili Msovieti, na wenye adui mmoja hawana nafasi ya kugombana. Shaka inayonisumbua mimi zaidi ni ya mipaka. Pengine si demokrasia iliyoleta amani, ila amani ndiyo iliyotangulia. Nchi ambayo mipaka yake imetulia haihitaji jeshi kubwa wala mtawala wa mkono wa chuma, na hapo ndipo demokrasia hupata pa kuota.

Mizani yangu mimi, baada ya miaka mingi ya kulisoma na kulisomesha jambo hili, inalalia kwenye kukubali. Ufaransa na Ujerumani zilipigana 1870, 1914 na 1940, mara tatu katika miaka 70. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, wapo wasomi waliotazamia Ulaya Magharibi irudi kwenye ugomvi wake wa zamani, kwa kuwa adui wa pamoja ameondoka. Haikurudi. Mwavuli peke yake hauelezi hilo.

Yapo matukio yanayoisumbua kanuni, na usiwafiche wanafunzi. La Finland na Uingereza mwaka 1941 ni dogo. Uingereza iliitangazia Finland vita kwa sababu ya nani alikuwa na nani katika Vita vya Pili, na mapigano halisi baina yao yalikuwa karibu na hakuna. La Kargil ndilo zito. Kati ya Mei na Julai 1999 India na Pakistan zilipigana milimani Kashmir, mamia ya wanajeshi wakafa, na nchi zote mbili zilikuwa na serikali zilizochaguliwa. Lakini Oktoba mwaka huo huo Jenerali Pervez Musharraf, mkuu wa jeshi la Pakistan, aliipindua serikali ya kwao. Hapo wanafunzi waulizwe: bunduki za Pakistan zilikuwa mikononi mwa nani hasa? Kura inaweza kuwepo na jeshi likawa na njia yake. Ujerumani ya 1914 nayo ilikuwa na bunge lililochaguliwa na wanaume wote wazima, ila serikali iliwajibika kwa Kaizari, si kwa bunge hilo.

Na lipo doa jengine ambalo hesabu za vita haziligusi kabisa. Mwaka 1953 Marekani na Uingereza zilishiriki kumwangusha Mosaddegh wa Iran, waziri mkuu aliyetokana na bunge. Mwaka 1954 ikawa zamu ya Guatemala. Kongo ilimpata Patrice Lumumba kwa uchaguzi wa Mei 1960, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga. Bunge la Ubelgiji lenyewe lilichunguza, na mwaka 2001 likakiri kuwa nchi yao ina dhamana ya kimaadili katika kifo kile, na mwaka uliofuata serikali ikaomba radhi. Katika matukio hayo hakuna vita vilivyotangazwa, kwa hivyo kwenye orodha nchi hizi zinasomeka kuwa ziliishi kwa amani. Hoja ya uwazi niliyoieleza juu inafafanua kwa nini yalifanywa kwa siri: mbele ya wapiga kura yangekuwa magumu kuyatetea. Siri ilikuwa njia ya kulikwepa baraza. Mtu wa Kongo hapati faraja yoyote kwa maelezo hayo, na mimi simwombi aipate.

Njoo karibu na nyumbani. Botswana na Namibia ziligombania kisiwa kidogo katika mto Chobe. Botswana wanakiita Sedudu, Namibia wanakiita Kasikili. Hakizidi kilomita za mraba nne, na kila mwaka kwa miezi kadhaa maji hukifunika. Serikali zote mbili zilikuwa za kuchaguliwa. Mwaka 1996 zilikubaliana kulipeleka jambo kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na Disemba 1999 mahakama ikaipa kisiwa Botswana. Namibia ikakubali. Wakati kesi hiyo inasikilizwa, Ethiopia na Eritrea zilikuwa zinauana kwa ajili ya mji mdogo wa Badme na ardhi iliyouzunguka, na baina ya 1998 na 2000 watu makumi ya maelfu wakapotea. Eritrea haijafanya uchaguzi wa kitaifa tangu ipate uhuru.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekuchagulia mifano mitamu. Kwa hivyo chukua na wa tatu, Ziwa Nyasa. Mkataba wa Julai 1890 baina ya Waingereza na Wajerumani, ule ule uliofungua njia ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya, ndio uliopitisha mpaka kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa. Kwa mkataba huo Malawi inasema maji yote yaliyo baina yake na Tanzania ni yake. Tanzania inasema mpaka upite katikati. Mwaka 2012 maneno yalipanda joto baina ya serikali mbili zilizochaguliwa, na mambo yakaishia kwa wasuluhishi wakiongozwa na Joaquim Chissano, aliyekuwa Rais wa Msumbiji. Ni mfano mzuri wa nadharia, mpaka ukumbuke kwamba mwaka 1967 ugomvi huo huo ulizuka baina ya Mwalimu Nyerere na Kamuzu Banda, wote wakitawala nchi za chama kimoja, na hata hapo vita havikutokea. Viongozi wa Afrika walishakubaliana Cairo Julai 1964 kuiheshimu mipaka waliyoirithi. Makubaliano yale nayo yalifanya kazi yake, kura zikiwepo au zisiwepo.

Sasa la pili la mjomba, la 2001. Hili nadharia hailigusi. Kanuni tuliyokuwa tukiizungumza ni ya nchi na nchi. Yaliyotokea Januari 26 na 27, 2001, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000, yalitokea ndani ya nyumba: polisi waliwapiga risasi waandamanaji, zaidi ya watu 30 wakauawa, wengi wao hapo Pemba, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni. Hatukuanza siku hiyo. Uchaguzi wa Juni 1961 uliambatana na fujo zilizoua watu 68. Mwaka 1995 watafiti Edward Mansfield na Jack Snyder walionesha kwamba nchi inayohama kutoka utawala wa kufunga kwenda wa kura hupita kwenye kivuko chenye hatari, tena hatari kubwa kuliko waliobaki ng'ambo hii au waliokwishafika ng'ambo ile. Kura zimefika, lakini mahakama, tume na polisi wa kuaminiwa na pande zote hawajafika, na wanasiasa hugundua kuwa khofu inavuna kura upesi kuliko hoja. Yugoslavia ilipiga kura za vyama vingi 1990, na mwaka uliofuata ikaanza kuteketea. Wao walizungumzia vita baina ya nchi na nchi, lakini mantiki yake naiona inatugusa. Rudi kwenye yale mazoea ya kushindwa: ikiwa anayeshindwa anaamini kuwa hana kesho, basi sanduku la kura linageuka kuwa uwanja wa kufa na kupona.

Ndiyo maana mimi, nikiulizwa demokrasia imeleta amani wapi kwetu, sitaji siku ya uchaguzi. Nataja Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokaa pamoja, na Julai 31, 2010, Wazanzibari takriban theluthi mbili ya waliopiga kura waliposema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa utulivu ambao wengi wetu tulikuwa hatujapata kuuona. Haukudumu kama tulivyotamani. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, na Disemba 2020 ikabidi kurudi tena kwenye meza ile ile. Kumpa aliyeshindwa kiti ndani ya nyumba ni dawa ya kivuko kile cha hatari. Ina gharama zake pia, kwani palipo na wote serikalini hupungua wa kuikosoa.

Usomeshe nini, basi? Unaweza kubaki na "kanuni iliyothibitishwa", na mtoto mwenye akili ataikuta Kargil kwenye simu yake jioni hiyo hiyo asikuamini tena. Unaweza kugeuka kabisa ukasema ni hadithi za wakubwa, na utawanyima jambo la kweli ambalo Afrika inalihitaji. Mimi ningebadilisha mada ya mdahalo iwe hivi: "Nchi mbili zenye demokrasia iliyokomaa hazipigani zenyewe kwa zenyewe." Upande mmoja uwape Kasikili na Ulaya baada ya 1991, upande wa pili uwape Kargil na Lumumba, na kabla hawajaanza wabishane kwanza juu ya neno "iliyokomaa", maana humo ndimo mnamojificha ushindi. Mwalike mjomba aje awe mmoja wa majaji. Ameshafanya nusu ya kazi.

Lililobaki ni la msichana wako, na hilo barua yangu haiwezi kulitibu. Mtoto anaweza kubeba msiba uliotokea kabla hajazaliwa, akaupokea kwa namna nyumba inavyonyamaza kila Januari. Usimwite mbele ya wenzake, wala usimtake asimulie. Nenda kwao baada ya laasiri pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha wa skuli, zungumzeni kwanza na mama yake. Ikiwa halali usingizi, chakula kimemshinda, au ukimya huu unaendelea kwa wiki kadhaa, mshaurini mama ampeleke hospitali kwa mtaalamu wa afya ya akili, na mmoja wenu afuatane nao. Na kabla ya siku ya mdahalo umwambie faragha kwamba 2001 itatajwa, na kwamba akipenda kukaa nje siku hiyo, jina lake halitaandikwa kwenye daftari la watoro.